Mashamba Zetu

Sogea kidogo, wewe ambaye ulipokuwa mtoto ulijifunza kuandika kwa kalamu ya wino ukachafua kola ya shati la shule. Umri wetu ni mmoja, kwa hiyo sina haja ya kukueleza taipureta ilikuwa kitu gani. Ninachotaka kukueleza ni jinsi vitufe viwili vya taipureta moja vilivyomwondoa mama yangu kwenye kiti chake pale Garsen, na jinsi mimi, niliyekuwa nikitazama kila siku, nilivyoelewa mambo yote kinyume.

Kilichonikumbusha ni jambo dogo. Juzi kibodi yangu ya kazini, ile ya vitufe virefu vinavyolia kama mvua ya mawe, ilianza kuruka herufi. Kijana wa dukani akaniuzia nyingine, akaisifu kwamba ni imara na imetoka Ulaya. Niliichomeka, nikaandika bila kutazama vidole. Nilikusudia "nyumba yetu". Kwenye kioo ikatokea "nzumba zetu". Kijana alicheka, akasema ni jambo la kurekebisha mara moja, na kweli alilirekebisha kabla sijafumba mdomo. Lakini mimi nilikuwa nimeshasikia harufu ya mafuta ya taa, na katika jengo lile hakuna mafuta ya taa.

Mama alikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika wa wakulima wa kando ya mto. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mawe kilichoshikana na ghala, na ndani yake kulinuka magunia, mavi ya popo na mafuta ya taa. Kila jioni kabla ya kufunga, mama alizisugua herufi za chuma kwa mswaki uliochakaa aliouchovya kwenye mafuta, na harufu ile ilimfuata nyumbani mpaka kwenye leso zake. Mimi niliamini kwamba ndiyo harufu ya maandishi. Nilipoanza shule nilinusa kitabu changu cha kwanza, nikasikitika.

Asili yake mama ni Kipini, kule mto unakoingia baharini, ambako watu huzaliwa ndani ya Kiswahili. Baba yangu ni Mpokomo wa Ndera, na siku hizo alikuwa akiendesha tingatinga la barabara, akirudi nyumbani mara chache, mwenye vumbi na mwenye usingizi. Garsen ilikuwa katikati yao, na Kiswahili cha Garsen kilikuwa Kiswahili cha watu waliokutana sokoni. Mworma alikuja na maziwa, Mpokomo na ndizi, Msomali na vitambaa, Mgiriama na mikeka, na ili wauziane kila mmoja alitua chini kile kilichomlemea. Kilichowalemea wote, kama ujuavyo, ni ngeli. Kwa hiyo tulisema "ng'ombe yangu" na "watoto yake" na "maji zimejaa", na tulielewana vizuri kabisa. Mama alizisikia ngeli zile kama wewe unavyosikia jiwe kwenye wali. Hakusema kitu kila mara, lakini taya lake lilisimama kidogo, na watu waliliona.

Na watu hawakumsamehe taya lile. Walimwita Mama Chapa mbele yake, na nyuma yake walimwita mengine. Kwao Kipini, mtu akimwita mwenziwe husema "Ndoo!" mahali ambapo wewe na mimi tungesema "Njoo!" Basi jioni mama akisimama mlangoni na kuniita, "Ndoo, mwanangu, ndoo!" watoto wa jirani walikuwa wakinikimbilia na ndoo zao tupu, wakinivisha kichwani, wakipiga kelele, "Mamako ataka ndoo! Mpelekee ndoo!" Nilirudi nyumbani nimelia, na mama aliniuliza nani amenipiga. Ningemjibuje? Nililopigwa nalo lilikuwa neno lake mwenyewe.

Kisha mto ukafurika. Unakumbuka mvua zile. Hata kama hukuwa kwetu, ulizisikia redioni. Kule Ndera maji yalipita ndani ya nyumba ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, yakatoka upande wa pili na ukuta. Shangazi Hadija akaja kwetu kwa mtumbwi na kwa miguu, na godoro lililolowa, na kuku mmoja, na binti yake Zuhura aliyekuwa ametoka kujifunza uhazili huko Malindi. Mama aliwapokea vizuri. Aliwapa chumba, aliwapa leso kavu. Lakini kabla tope halijakauka kwenye miguu yao, vita vilikuwa vimeanza.

Sijui kwa hakika neno la kwanza lilikuwa lipi. Nadhani ni pale shangazi aliposema kwa moyo mweupe, "Wifi, miguu zangu zimechoka," na taya la mama likasimama. Shangazi aliona. Akavuta leso yake, akasema, "Ah. Kumbe hapa mtu anapewa chakula na anapimwa ulimi."

Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Walisema kupitia kwangu. Tulikaa watatu jikoni, magoti yetu yakigusana, na shangazi akaniambia, "Mwambie mama yako maharagwe yake hiyo inaungua."

Nami nikageuka. "Mama, shangazi anasema maharagwe yako hiyo inaungua."

"Mwambie shangazi yako," mama akajibu, akikoroga polepole, "ni maharagwe hayo, na yanaungua."

"Shangazi, mama anasema ni maharagwe hayo na yanaungua."

"Mwambie basi yakiungua yeye atakula sarufi."

Ukisikia sasa unaweza kucheka. Ndani ya jiko lile hakuna aliyecheka. Shangazi alikuwa amepoteza nyumba, mbuzi na migomba yake yote, na alilala kwa hisani ya mwanamke aliyemwona mjinga. Na mama, niseme haki, alikuwa ameolewa na watu wa Ndera miaka mingi bila kujifunza Kipokomo hata cha kuombea maji ya kunywa. Shangazi akizungumza na Zuhura kwa lugha yao alikuwa mtu mwingine, mwepesi, mwenye mafumbo, Zuhura akivunjika mbavu. Mama alikaa pembeni kama mgeni katika nyumba yake, akidhani anasengenywa. Mara nyingi ni kweli alikuwa akisengenywa.

Ndiyo maana ofisi ilikuwa kila kitu kwake. Nje ya chumba kile Kiswahili chake kilikuwa majivuno. Ndani ya chumba kile kilikuwa kazi. Watu walewale waliomcheka njiani walikuja, wakavua kofia, wakasema walichotaka kusema jinsi walivyoweza, na yeye akakiweka kwenye karatasi kikiwa kimenyooka. Kama angekipoteza kiti kile, Garsen nzima isingekuwa na mahali ambapo ulimi wake ni wa manufaa. Hilo alilijua, na shangazi pia alilijua, kwa maana Zuhura alikuwa na cheti cha uhazili na hakuwa na kazi.

Sasa nikueleze kuhusu mashine yenyewe, maana hapa ndipo watu hupotea. Taipureta zile zilitengenezwa na watu wa lugha nyingine. Kwao herufi a si ya kupigwa sana, wakaiweka pembeni, chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Lakini Kiswahili kina njaa ya a. Andika "mashamba" tu uone. Kwa hiyo kwenye mashine ya mama, herufi iliyokufa kwanza ni a. Ilianza kwa kufifia tumbo, kisha ikabaki mkia, kisha ikawa haionekani kabisa, na mama akawa akimaliza ukurasa anachukua kalamu na kuzijaza zote kwa mkono, kama mtu anayetia shanga.

Bwana Jilo, katibu wa chama, hakuona tatizo. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya upole ambayo ilikuwa mbaya kuliko ukali.

"Bwana Katibu," mama alimwambia siku moja mbele ya watu, "siwezi kuendelea kupeleka karatasi iliyong'oka meno. Ni aibu."

"Aibu ya nani, Mama Chapa? Mkulima hatazami meno. Anatazama mbegu."

"Mimi natazama."

"Hilo tunalijua sote," alisema Bwana Jilo, na watu waliokuwa kwenye foleni wakaguna kwa raha.

Lakini alidai, na akadai tena, mpaka Bwana Jilo akachoka. Wakati huo palikuwa na Mjerumani mmoja aliyekaa kwetu akipima kina cha mto. Mto ulipofurika ulichukua vipimo vyake vyote, naye akafunga virago. Mashine yake ya kuchapa akaiacha kwa chama. Bwana Jilo aliibeba mwenyewe, akaiweka mezani, akapangusa mikono. "Uliomba mashine. Umepata mashine. Na hii ukiishindwa, sema tu. Mwingine yupo."

Ilikuwa mashine nzuri, ya kijivu, nzito, na a yake ilikuwa nyeusi kama mdudu. Upande wa kulia ilikuwa na herufi za ajabu zenye vitone viwili juu. Niliamini vile vitone ni macho. Niliamini kwamba Mjerumani ameacha herufi zenye macho ili zimtazame mama, na nilipokuwa peke yangu na mashine ile nilizifunika kwa kiganja.

Mama hakuzitazama. Hakutazama kitufe chochote, na hili ndilo lililomponza. Alikokwenda kujifunza kazi, mwalimu wao alikuwa akitandaza kitambaa juu ya mikono ya wanafunzi ili wasione wanachopiga. Aliyetazama vidole alipigwa rula. Baada ya miaka, vidole vinakuwa na kumbukumbu yake vyenyewe. Ukiviuliza y iko wapi havitaweza kukujibu, lakini ukisema "yetu" vitakuwa vimeshafika. Sasa elewa jambo moja: kwenye mashine za Wajerumani, y na z zimebadilishana mahali. Basi tu. Herufi zetu nyingine zote ziko palepale.

Siku ya kwanza aliandika "kayi" badala ya "kazi", na "nzumba" badala ya "nyumba", na "myee" badala ya "mzee". Aliona mara moja, akatambua kisa chake, akakunja uso. Kumrudia Bwana Jilo na kusema mashine mpya nayo ina kasoro hakuweza, baada ya maneno yote yale. "Nitaizoea," alisema. Akawa akimaliza ukurasa anaupitia kwa jicho na kufuta kwa dawa nyeupe. Na jicho lake lilikuwa kali. "Kayi" haikupita. "Nzumba" haikupita.

Lakini jicho, hata likiwa kali namna gani, husimama mahali penye neno lisilo neno. "Nzumba" si neno, kwa hiyo jicho linajikwaa. "Zetu" ni neno. "Yao" ni neno. "Za" na "ya" ni maneno mazuri ya Kiswahili, na jicho lililochoka linapita juu yake kama mtu anayevuka daraja alilolizoea. Kwa hiyo mama alisafisha makosa yote ambayo yangeonyesha kwamba mashine ndiyo mbovu, akaacha yale tu yaliyoonyesha kwamba yeye hajui Kiswahili. "Mashamba zetu." "Mbegu yao." "Maji za mto." Kwenye tangazo la mlangoni pa ghala, kwa wino mweusi usio na lawama.

Nilikuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele na kusoma kila kitu kilichoandikwa. Nilisimama mbele ya tangazo lile nikalisoma kwa sauti, na moyo wangu ukajaa furaha. Mama amekubali, nilijiambia. Mama ameanza kusema kama sisi. Sikufikiria kabisa kwamba ni makosa. Mama hakuwa mtu wa kukosea. Nilifikiri ni sulhu. Nilifikiri ametafuta njia ya kumwambia shangazi pole bila kupitia kwangu, akaiandika mahali ambapo kila mtu ataiona.

Jioni ile nilirudi nimechangamka. Tulipokaa kula nikasema kwa sauti kubwa, nikimtazama mama ili aone kwamba nimeelewa, "Viazi zetu leo ni tamu!"

Shangazi aliacha kutafuna. Mama alinyoosha mkono, akanishika sikio, akalizungusha taratibu kama anayefungua kopo. "Viazi vyetu," alisema. "Vitamu. Katika nyumba hii, viazi vyetu vitamu."

Nilishika sikio langu nikatazama kutoka uso hadi uso. Shangazi alisema, si kwangu wala si kwa mama, bali kwa sahani, "Kule nje ameandika mashamba zetu. Nyumbani anavuta mtoto masikio."

"Mwambie shangazi yako," mama alisema, "sijaandika upuuzi kama huo maishani mwangu."

Shangazi hakuwa amesoma, lakini Zuhura alikuwa amemsomea tangazo lile mlangoni, neno kwa neno, wakirudi kutoka kisimani. Akatabasamu. Ndipo nilipoona uso wa mama ukibadilika, polepole, kuanzia midomo.

Asubuhi yake alikwenda mapema kulitoa. Alichelewa, Bwana Jilo alikuwa amesimama mbele ya tangazo, mikono nyuma. Hakumkemea. Alisema tu kwamba Jumamosi wakulima watakutana kuhusu maombi ya mbegu, na maombi yale yatasomwa hadharani kabla ya kupelekwa, na angependa yawe kamili, bila kufutwafutwa. "Na mlete yule binti wa wifi yako. Nasikia anajua kuchapa. Mtu hawezi kujua."

Mama aliandika maombi yale akiwa amekaza shingo. Aliyaandika, akayapitia, akayapitia tena, lakini jicho lilisoma alichokusudia, si alichopiga. Naamini kama angejishusha akatazama vidole vyake, yangetoka safi. Hakujishusha.

Jumamosi ghala lilijaa. Walikuja kutoka Hewani, kutoka Kulesa, hata Ndera, wengine wakiwa bado na tope la mafuriko kwenye kucha. Watoto tulikaa juu ya magunia. Shangazi alikaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, Zuhura kando yake amevaa viatu vya kazini. Bwana Jilo aliinua karatasi, akasoma kwa sauti yake ya upole, na alipofika penyewe akapunguza mwendo.

"Sisi wakulima tunaomba msaada kwa sababu mashamba zetu," akamtazama mama kidogo, "mashamba zetu yamefunikwa na mchanga, na mbegu yetu yote zimeoza."

Nilimwona mama akishtuka kama aliyechomwa sindano. Nilitazama kama kuna mtu atakayecheka. Hakuna aliyecheka. Badala yake Mzee Buya wa Hewani, ambaye mto ulimchukulia shamba na kumwachia kidimbwi, alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hiyo ndiyo maneno," alisema. "Mashamba zetu. Leo Mama Chapa ametuandikia kama sisi wenyewe tunavyosema. Mimi miaka yote nikisomewa karatasi ya hapa nadhani inasema habari ya watu wengine."

"Kweli," mwanamke mmoja akaitikia. "Leo nimejisikia ndani."

Mtu akapiga makofi, na wengine wakapokea. Nami juu ya magunia nikapiga mpaka viganja vikauma. Niliona nilikuwa sahihi tangu mwanzo, na sikio langu lilivutwa bure. Hata shangazi alimtazama mama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na usoni mwake sikuona dharau. Angalia jinsi mlango ulivyokuwa wazi. Mama angeinamisha kichwa tu. Angesema ahsante. Bwana Jilo asingekuwa na la kufanya. Ungemfukuzaje mtu anayepigiwa makofi?

Mama alisimama.

"Samahanini," alisema. "Hayo ni makosa."

Makofi yakafa. "Makosa gani?" Mzee Buya aliuliza.

"Ya mashine. Nilikusudia 'mashamba yetu'. Mashine imegeuza herufi. Hakuna neno 'mashamba zetu'. Si sahihi."

Alilisema kwa heshima. Alitaka, nadhani, wajue kwamba hakuwadharau kwa kuwaandikia ovyo. Lakini Mzee Buya alikuwa amesikia kitu kingine.

"Ngoja nielewe, mama. Ukiandika kama nyinyi wa Kipini, hiyo ni sahihi. Ukiandika kama mimi, mashine imeharibika?"

Ghala lilicheka, na kicheko kile kilikuwa na meno.

"Sikusema hivyo, mzee."

"Umesema." Hiyo ilikuwa sauti ya shangazi, kutoka kwenye mkeka. Safari hii hakupitia kwangu. "Umesema, wifi, na kila siku unasema. Mto umebeba nyumba, umebeba mbuzi, umebeba migomba. Tumebaki na neno moja, zetu. Na hiyo pia unataka kutunyang'anya?"

Watu wakasema wote kwa pamoja. Mtu alimwambia arudi kwao. Mwingine alipiga kelele "Ndoo! Ndoo!" kwa sauti nyembamba ya kuiga, mtu mzima kabisa, na watoto juu ya magunia wakaangua kicheko. Mama alibaki amesimama. Alirudia mara moja, kwa sauti ndogo, "Ni mashamba yetu," kama mtu anayeshikilia ukuta uliokwisha kuanguka.

Bwana Jilo aliinua mkono. "Zuhura, mwanangu, hebu jaribu wewe."

Mashine na kiti cha mama vililetwa kutoka ofisini, na Zuhura akaketi. Pamoja na cheti chake, alichapa kwa vidole viwili, shingo ameinamisha, akitafuta kila herufi kwa macho kama kuku anayedonoa punje mchangani. Ilichukua muda mrefu, na watu walingoja. Na kwa sababu aliitazama kila herufi, alipiga kila herufi mahali pake. Alipofika kwenye neno lile akainua uso. "Niandike vipi?"

"Andika wanavyosema," Bwana Jilo alimjibu.

Akaandika "mashamba zetu". Safi, bila kosa hata moja la mashine.

Jumatatu mama hakwenda kazini. Hakuna aliyemwandikia barua ya kumfukuza. Mpiga chapa alikuwa mwingine, basi. Na mbegu zilikuja. Zilikuja kwa lori, mpunga na mahindi, na hakuna punje iliyorudishwa kwa sababu ya sarufi.

Nyumbani vita vilibadilika tu. Usiku ule wa Jumamosi shangazi alisukuma kikombe cha chai mbele ya mama, akamwambia mwenyewe, "Kunywa, wifi. Nani amekufa hapa? Ni maneno mbili tu."

"Ni herufi moja," mama alisema, na hakuinywa.

Kikombe kilikaa pale mpaka kikafanya utando. Maji yalipokauka Ndera, shangazi alifunga godoro lake akaondoka, akiniaga mimi na si mama. Zuhura alihamia chumba karibu na ghala. Mama alianza kushona nguo za watoto barazani, kazi isiyohitaji kusema, na alipokufa, miaka mingi baadaye, shangazi alikuja mazishini, akakaa mwisho wa mkeka, akalia kwa Kipokomo. Hawakuwa wamepatana. Nisikudanganye ili upate kulala vizuri.

Nimelifikiria sana jambo hili, na nikwambie wazi kwamba sidhani mama alikosea. Mashamba ni yetu. Mtoto wangu akisema "zetu" namrekebisha kabla hajameza mate, na kama wewe unafundisha watoto, endelea kuwarekebisha bila kuona haya. Lugha ni ya kutunzwa kama mfereji, ukiuacha unajaa mchanga. Lakini nakumbuka pia uso wa Mzee Buya makofi yalipokuwa yakipigwa. Alikuwa mtu aliyejiona kwenye karatasi kwa mara ya kwanza, na furaha yake haikudumu hata kwa muda wa kushusha mikono.

Kwa hiyo, ukimsikia mtu amekosea neno mbele ya watu, usilitaje pale pale. Ngoja mkutano uishe. Mfuate njiani, tembea naye kidogo, na kabla ya kumwambia lolote, muulize shamba lake linaendeleaje.